Matobolwa Yaliyonikaba Mbele ya Mama Mkwe

Mimi naitwa Maduhu, ni fundi cherehani pale sokoni Bariadi, lakini ukifika ukamuulizia Maduhu utazungushwa mpaka miguu iume. Ulizia Fundi Tema, hata mtoto anayejifunza kutembea atakuonyesha kibaraza changu. Jina hilo sikupewa na wazazi wangu, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiwadanganya wateja wageni kwamba linatokana na tabia yangu ya kukata uzi kwa meno na kuutema (uongo mtupu, mkasi ninao, tena mzuri). Leo kwa kuwa tumekaa wenyewe kwa wenyewe na kahawa ipo, acha niseme ukweli, na anayetaka kucheka acheke, aibu nilishaiona yote zamani, iliyobaki ni makombo tu.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, sisi tukiwa bado Mkoa wa Shinyanga, neno Simiyu kwetu likiwa ni jina la mto. Maduka ambayo zamani yalikuwa na vumbi na viberiti vitatu sasa yamejaa sabuni za kunukia, biskuti na redio za kaseti, na mitumba ndiyo imeingia kwa marobota, watu hawashoneshi tena suruali mpya, wanakuja na suruali za Wazungu wenye miguu kama twiga wanataka nipunguze. Basi mimi napunguza, maisha yanaenda, shida yangu ikawa moja tu, binti yangu Minza.

Minza alikuwa na miaka saba, yupo darasa la kwanza, lakini darasa lenyewe alilijua kwa kupita. Kila baada ya wiki mbili tatu, homa. Mtoto anawaka, analia koo, hamezi hata uji, usiku anakoroma kama mzee aliyekunywa pombe ya mtama. Tukimpeleka zahanati, malaria, klorokwini. Anapona, wiki tatu, homa, klorokwini tena (yule mtoto alijikuna kwa hiyo klorokwini mpaka mgongo ukawa kama ramani), mpaka siku moja akaja mganga mpya pale zahanati, kijana tu, akamwambia fungua mdomo, akamulika kwa tochi, akaniita na mimi nichungulie. Nikaona vinyama viwili huku na huku vimevimba kama ndimu changa, vimekaribia kukutana katikati.

"Haya ni mafindofindo, baba," akasema. "Wengine huyaita tonses. Kila mtoto huumwa koo, na wengi hupona kwa dawa tu, hawahitaji kisu. Lakini huyu yamemrudia mno, na sasa yanamziba. Huyu aonwe na daktari wa koo, nadhani atasema yatolewe."

Sasa hapo ndipo anapoingia mama mkwe wangu wa Migato. Mke wangu alikuwa ndiyo kwanza amejifungua, kichanga kina siku chache, na mama yake alikuwa amekuja kumtunza. Alipolisikia hilo la koo akasema (akimwambia mke wangu, maana mimi na yeye hatusemezani ana kwa ana, nitawaeleza) kwamba huyo mtoto ana kimeo, kile kinyama kinachoning'inia katikati ya koo, na kule kwao Migato yupo mzee anayekata vimeo kwa kisu cha kujipinda, anakata asubuhi, jioni mtoto anacheza. Mimi nikachemka. Nikasema, nikimwambia mke wangu ili mama yake aliyekaa pembeni asikie, kwamba jirani yetu alikatiwa mwanawe kimeo akatokwa damu siku mbili nusura tumzike, na kwamba mwanangu ataenda hospitali, na nitamsimamia mimi mwenyewe, hatua kwa hatua, pasiwe na kosa hata moja.

Hata moja. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu huu.

Hospitali yenyewe ilikuwa ya misheni, nusu siku kwa basi kutoka Bariadi, jina lake naliacha maana wale watu hawakunikosea chochote. Daktari wa koo alikuwa mgeni, anakuja mara chache kwa mwaka, anakaa siku tatu, anapasua watoto walioandikishwa, anaondoka, na ukimkosa umemkosa. Kwa kuwa mke wangu hawezi kusafiri, na wodini analala na mtoto mwanamke tu, ikabidi twende watatu, mimi, Minza na mama mkwe.

Kwa wasiojua mila zetu, kusafiri na mama mkwe si jambo dogo. Kwetu sisi mkwe humtazami usoni, humpi mkono, na kula mbele yake ndiyo kabisa, heri uvue nguo. Kwa hiyo ndani ya basi yeye alikaa mbele mimi nikakaa nyuma kabisa juu ya tairi, Minza akawa anatembea katikati kama tarishi. "Bibi anasema basi likisimama ushuke ukachimbe dawa." "Mwambie bibi sawa." Nusu siku nzima hivyo. Na kwa sababu sikuweza kula mbele yake, mke wangu alinifungia matobolwa, vile viazi vitamu vinavyochemshwa, vinakatwa, vinaanikwa juani mpaka vinakauka na kuwa vigumu kama soli ya kiatu, nikayatia kwenye mfuko wa ndani wa koti langu la mtumba, nile kwa kujificha.

Tulipofika jioni tukawakuta wazazi wengine, wametoka Lingeka, wametoka Bukundi, na mmoja alikuwa Salumu, mwenye duka la vitenge jirani kabisa na kibaraza changu, kaja na mwanawe. (Salumu ni mtu mwema, lakini ukimwambia siri ni kama umeipeleka redioni.) Akaja Sista Leokadia, muuguzi mkuu wa wodi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuitisha gwaride, akatukusanya akasema kuanzia saa sita usiku mtoto asile, asinywe, asitafune hata jani, kwa sababu atapewa dawa ya usingizi, na akiwa usingizini chakula kikipanda kutoka tumboni kinaweza kuingia kwenye mapafu, na hapo ni kifo.

Wengi wa wale kinamama wa vijijini Kiswahili chao kilikuwa cha kubahatisha, wakawa wanatazamana. Nani akasimama? Mimi. Nikasema, "Sista, niruhusu nitafsiri." Nikatafsiri kwa Kisukuma, kwa mikono na macho, nikaongeza na vya kwangu, nikasema mzazi atakayempa mtoto chakula ni mjinga na adui wa maendeleo. Kinamama wakapiga makofi. Nikaona hata mama mkwe, kwa pembe ya jicho, anatikisa kichwa kukubali. Nikalala kwenye banda la ndugu za wagonjwa nikiwa najiona nimekuwa mtu.

Asubuhi nikaamka na njaa inayopiga kelele. Tangu jana yake sijatia kitu mdomoni, maana kila nilipotaka kula mama mkwe alikuwa mbele yangu. Nikazunguka nyuma ya jiko la hospitali, pale penye kuni, nikachutama, nikatoa matobolwa yangu, nikaanza kutafuna taratibu. Mara nikasikia, "Baba."

Minza. Alikuwa ameletwa bombani kunawa uso, bibi yake anamsubiri kule mbele, yeye akaona koti langu akanifuata.

"Baba unakula nini?"

"Sili kitu."

"Mbona mdomo unatembea?"

Jamani. Nyinyi mna watoto. Mtoto amekonda shingo imekuwa kama ya kifaranga, wiki nzima alikuwa hataki chakula kwa maumivu, mimi na mama yake tulikuwa tukimbembeleza kijiko cha uji kama tunaomba kura, na leo, kati ya siku zote, anasema ana njaa. Nikamwambia Sista amekataza. Akasema, "Kidogo tu, baba. Cha kunyonya. Sitameza."

Hapo ndipo ulipokuwa uamuzi wangu. Nikajiambia, kipande kama ukucha wa kidole gumba, kikavu, hakina hata maji, kitafika tumboni saa ngapi? Na hatamwambia mtu. Nikavunja vipande viwili vidogo nikampa, yeye akavitia mdomoni akafumba macho kwa utamu, na mimi moyo wangu ukafurahi, nikamwambia nenda kwa bibi, usiseme.

Haikupita nusu saa tukaitwa kwenye benchi refu nje ya chumba cha upasuaji, watoto wamevishwa magauni ya kijani yanayoburura. Mama mkwe alikuwa amekaa chini mbele yetu kidogo, ametupa mgongo kwa heshima. Salumu na mwanawe walikuwa kushoto kwangu. Sista Leokadia akaanza mwanzo wa benchi na daftari lake, kila mzazi anamuuliza, "Mtoto amekula? Amekunywa?" Anajibiwa, anaandika, anasogea.

Nikamtazama Minza. Shavu limevimba upande mmoja. Bado ananyonya!

"Toa," nikanong'ona.

"Bado hakijaisha."

"Toa, wewe!"

Akatoa, akaniwekea kiganjani, kimelowa, kinanata. Sasa nikiweke wapi? Sista yupo watu watatu kutoka kwetu. Nikatia mkono mfukoni nikitafuta leso, nikakuta vipande vyangu vitatu vilivyobaki, na Sista akawa ananitazama huo mkono, nikaona nikipekuliwa nimekwisha, kwa hiyo (msiniulize kwa nini, akili ya mtu mwenye hofu haina mlango) nikajifanya nakohoa nikavitia vyote mdomoni, vile vitatu, na cha nne kile cha mtoto juu.

"Baba Minza," Sista akasema. "Mtoto amekula?"

Nikatikisa kichwa. "Mm-mm."

"Amekunywa?"

"Mm-mm."

"Sema, baba, niandike. Jana ulikuwa msemaji mzuri."

Nikaamua kumeza. Ndugu zangu, matobolwa hayamezwi, matobolwa yanabembelezwa. Yalifika katikati ya koo yakasimama. Nikameza mate, hayapiti. Nikavuta pumzi, haivutiki. Nikahisi macho yanatoka kama ya chura, nikasimama, nikapiga benchi kwa mkono, nikasikia Salumu anapiga kelele, "Fundi ana kifafa! Fundi ana kifafa!" na mtu mwingine anasema nishikwe miguu. Sista Leokadia akatupa daftari, akanizungusha, akanikunja kama nguo ya kufuliwa, akaanza kunipiga mgongoni kwa kiganja (yule mama akipiga ungedhani anatwanga), huku anapaza sauti, "Tema! Tema, baba! Tema!"

Na wale kinamama niliowatafsiria jana, kwa huruma, wakaungana naye wote. "Tema! Tema! Tema!" Benchi zima. Nadhani mpaka wodi ya wazazi walisikia.

Nikatema.

Lilitoka donge la ukubwa wa yai la kuku, likaruka, nikaliona kabisa likipita hewani, likatua juu ya kanga ya mama mkwe, mapajani, wakati huo huo alipogeuka kuona mkwewe anakufa na nini.

Mama mkwe akalitazama lile donge. Mimi nikamtazama mama mkwe, usoni, kwa mara ya kwanza tangu nioe. Ndipo binti yangu, mtoto niliyemlea kuwa mkweli, akanyoosha kidole akasema kwa sauti yake ya koo bovu, "Sista, hicho kidogo cha juu ni changu."

Sista akapiga goti mbele yake. "Ulikula, mwanangu?"

"Baba alinipa viwili. Kimoja nimemeza, kimoja nilikuwa nanyonya, baba akakichukua akala yeye."

Mama mmoja wa Lingeka akawa wa kwanza kuangua kicheko, na baada yake ikawa vurugu tupu. Mimi nilikuwa nimekaa chini, machozi yananitoka kwa kukabwa na kwa aibu, sikujua yapi ni yapi.

Daktari mgeni akatoka kwa sababu ya kelele. Mtu mrefu, mpole, mwenye miwani. Akaelezwa. Nilingoja anifokee, naapa ningefurahi angenifokea, lakini yeye akamshika Minza kichwani akamwambia, "Ahsante kwa kusema kweli. Umejisaidia sana." Kisha akanigeukia akasema kwa sauti ya chini, "Baba, ungenidanganya nikamlaza, akatapika yuko usingizini, mimi ningekurudishia nini?"

Hapo sikusikia tena kicheko cha mtu yeyote. Nikaona ile shingo ya kifaranga. Nikaona ni mimi niliyesema nitamsimamia hatua kwa hatua. Nikamwambia, "Nisamehe, daktari," na sauti haikutoka vizuri, na safari hii hapakuwa na kiazi.

Akasema leo haiwezekani, kesho imejaa, labda siku ya tatu mchana kabla hajaondoka, kama muda utabaki. Mwana wa Salumu akaingia badala ya Minza. Na Sista Leokadia akaokota daftari lake, akanitazama tangu kichwani mpaka viatuni, akasema, "Kwa kuwa wewe unajua Kisukuma, na unajua hila zote za wazazi, utakaa mlangoni hapa. Kila mzazi akipita, wewe ndiye utamuuliza kama mtoto amekula."

Nikakaa kwenye kigoda mlangoni, siku ile na asubuhi ya kesho yake, nauliza. Mnadhani ilikuwa rahisi? Kila niliyemuuliza alijibu, "Hajala, labda wewe ulimpa!" Watoto waliotoka kupasuliwa, wasioweza hata kuongea, walikuwa wakinionyesha kwa ishara ya kutema. Lakini niseme kweli, nilikuwa hodari. Alikuja bibi mmoja wa Bukundi na mjukuu wake, nikamsalimu, "Mwangaluka, mayu," akaitika vizuri, nikamuuliza mtoto amekula, akaapa hajala. Nikamtazama mtoto, mdomoni juu ana mstari mweupe.

"Na hayo maziwa?"

"Maziwa si chakula," bibi akasema kwa mshangao, kama mimi ndiye niliyechanganyikiwa. "Ni maziwa tu!"

Mtoto akarudishwa wodini angoje zamu nyingine, na Sista akaninyooshea dole gumba kutoka dirishani, nikajisikia kidogo kama binadamu.

Siku ya tatu asubuhi muda ukapatikana, Minza akaambiwa atakuwa wa mwisho. Hajala, hajanywa, safari hii mimi mwenyewe nilikuwa nimefunga pamoja naye. Nikiwa tena pale kigodani nikamwona mama mkwe anakuja na mtoto, na chini ya kanga yake pamevimba. Nikajua. Tangu lile donge hatukuwa tumesemezana hata kupitia kwa Minza. Nikageukia ukutani (heshima ni heshima), nikauambia ukuta, "Mama, mtoto amekula?"

"Hajala."

"Na hicho kibuyu kilicho chini ya kanga?"

Akasema, naye nadhani alikuwa ameutazama ukuta wake, kwamba ni dawa, mizizi aliyokuja nayo kutoka Migato, ya kumlinda mtoto asishikwe na kitu chochote akiwa usingizini, kwamba kidogo tu, kifuniko kimoja.

"Hapana, mama."

"Wewe juzi ulimpa kiazi. Leo unanikataza mimi?"

"Ndiyo sababu nakukataza. Mimi nilimpa kidogo tu, mama, umeona kilichotokea. Nami sitaki urudie kosa langu."

Nilidhani atachukua mjukuu wake aondoke. Kumbe akasema dawa ile ikishachemshwa haimwagwi, lazima iingie tumboni mwa mtu wa nyumba ile, damu yake, ndipo inalinda, na kama haimwingii mtoto basi imwingie babake. Kibuyu kikapita pembeni ya sikio langu. Nikafikiri: donge nimemtupia, mjukuu wake nimemwaibishia, na sasa nimemkatalia mbele za watu. Nikakichukua nikanywa. Chote. Kilikuwa kichungu mpaka masikio yakalia.

Nusu saa baadaye tumbo likaanza kuongea. Kwanza taratibu, halafu kwa hasira. Nilikimbia chooni, nikarudi, nikakimbia, na mara ya tatu nilipokuwa humo (choo chenyewe kilikuwa nyuma tu ya korido ya upasuaji, tofali moja katikati) nikasikia Sista anaita, "Minza Maduhu!" Halafu nikasikia sauti ya mwanangu, inatetemeka, "Baba yuko wapi? Siingii bila baba."

"Baba Minza!" Sista anaita. "Baba Minza yuko wapi?"

Ningefanya nini? Nikapaza sauti kutoka nilipokuwa, "Nipo! Nipo huku, mwanangu!"

"Wapi?"

"Chooni!"

"Unafanya nini?"

"Nimekunywa dawa ya bibi! Wewe nenda tu, mimi nipo, nakusikia!"

Korido nzima ililipuka. Na katikati ya vicheko hivyo nikasikia kimoja chembamba, cha kukwaruza, cha mtoto mwenye mafindofindo. Waliniambia baadaye kwamba aliingia chumba cha upasuaji akicheka, ameshikwa mkono na Sista, hajatoa chozi hata moja. Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta wa choo nikilia peke yangu, nikiomba Mungu kwa maneno ambayo hayafai kuombewa mahali kama pale.

Alipotoka, aliyempokea ni bibi yake, maana mimi nilikuwa nimelazwa kwenye mkeka nanyweshwa maji ya chumvi na sukari, huku Sista Leokadia ananisimanga kwamba nimekuja na mgonjwa mmoja natafuta kuondoka na wawili. Daktari akawaonyesha ndugu vile vinyama kwenye kisahani. Nilimsikia mama mkwe anauliza kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Hiki ndicho kimeo?" Daktari akamwambia hapana, kimeo kipo palepale, hakina kosa, hakikuguswa, haya ndiyo yaliyokuwa yanamsumbua. Akainama akatazama sana. Kisha akaja mpaka kwenye mkeka wangu, akasimama mgongo ameugeuza, akasema, akiwaambia watu wote bila kumlenga yeyote, "Kumbe yule mzee angekata kisicho na kosa." Mara mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, anacheka mpaka akakaa chini, akisema, "Chooni! Eti nipo chooni!" Nami nikacheka na tumbo likaniuma zaidi, tukacheka hivyo, yeye ametazama mlango, mimi dari.

Minza alikula uji wa baridi siku kadhaa, akanuna, akaomba soda, akapewa kidogo kidogo. Ndani ya miezi miwili alikuwa amenenepa, akaacha kukoroma, na mafua aliyapata kama watoto wote lakini zile homa za kila mara zikakoma, mwalimu wake akanitumia salamu kwamba sasa amemjua sura. Ila sisi tulirudi Bariadi siku mbili baada ya Salumu, na siku mbili kwa Salumu zinatosha. Niliposhuka kwenye basi, utingo akanipokea mzigo, akasema, "Karibu nyumbani, Fundi Tema." Mke wangu alinipokea mlangoni na kichanga begani, hakuniuliza safari, akasema tu, "Kwenye kanga ya mama yangu?" akaingia ndani, nikamsikia anajaribu kutocheka akashindwa.

Toka hapo nimeapa, na kiapo hiki sijakivunja, kwamba mtu wa hospitali akiniuliza jambo namwambia lote, hata asilouliza, liwe la aibu liwe la kunivunjia ndoa. Juzi juzi nimempeleka mke wangu kupimwa macho. Binti mmoja muuguzi akatujia na daftari, akanisemesha, masikio yangu siku hizi si mazuri, mimi nikaanza: nikamwambia asubuhi tumekunywa chai ya rangi, mimi vikombe viwili yeye kimoja, maandazi matatu, ndizi moja tumegawana, na njiani nimetafuna karanga za mtu bila kumuomba. Akanisikiliza mpaka mwisho, maskini, ana adabu.

"Mzee," akasema, "nimeuliza kama nyinyi ndio wa mwisho kwenye foleni."

Nikamwambia ndiyo, ni sisi, lakini andika na hayo ya karanga.